Dawa ya presha imepita tarehe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeuliza maswali haya mara nyingi hushusha sauti. Anatoa pakiti mfukoni, anaiweka kwenye kaunta, anatazama kushoto na kulia, kisha anasema: "Hivi hii bado inafaa?" Nimeyasikia kwa miaka mingi nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nimeyasikia nyumbani pia, kwa mama yangu, aliyekuwa na shinikizo la damu na kopo zima la vidonge vya zamani. Hakuna sababu ya kuona haya. Yale ya haraka kwa aliyekwisha kumeza nimeyatanguliza; ya mtoto aliyemeza na ya presha ya kutisha yako karibu na mwisho.

Majina ya dawa nimeyaandika kwa Kiswahili. Kwenye pakiti yako herufi moja mbili zitatofautiana, lakini ukilisoma jina kwa sauti utalitambua.

Nimemeza kidonge cha presha kilichopita tarehe. Nimejidhuru?

Kwa kidonge kimoja au viwili, huna haja ya kuogopa. Vidonge vya presha vikipita tarehe havigeuki sumu. Kinachotokea, tena polepole, ni kwamba dawa iliyomo ndani inapungua nguvu. Usijitapishe, wala usimeze kingine kipya siku hiyo hiyo kwa kudhani kwamba cha kwanza hakihesabiki. Kinahesabika. Kesho endelea kwa saa yako ya kawaida, kwa dawa ambayo tarehe yake haijapita.

Hofu ya sumu ina chanzo chake. Mwaka 1963 madaktari nchini Marekani waliandika habari za wagonjwa walioharibika figo baada ya kutumia tetrasaiklini iliyooza. Hiyo ni antibiotiki, na ilikuwa imechanganywa na viambato ambavyo siku hizi haichanganywi navyo. Habari ilisambaa, ikabebeshwa dawa zote.

Kama umezimeza kwa wiki kadhaa bila kujua, ongeza hatua moja: pima presha. Mwenye maumivu ya jino akimeza dawa iliyopungua nguvu atajua usiku huo huo, maana jino litamwamsha. Presha haiamshi mtu. Inaweza kupanda na kukaa juu miezi mingi bila kichwa kuuma wala macho kuona ukungu, huku ikiichosha mishipa ya ubongo, moyo na figo. Kwa hiyo usijitathmini kwa jinsi unavyojisikia.

Basi niziache kabisa mpaka nipate mpya?

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu akiona tarehe imepita, akaitupa pakiti, akakaa wiki mbili bila dawa, amejiweka kwenye hatari kubwa kuliko ya kile kidonge. Kuna dawa za presha ambazo mwili huzizoea, na zikikatwa ghafla presha huruka juu kuliko ilivyokuwa kabla ya matibabu. Klonidini ndiyo mkali zaidi kwa hili: ndani ya siku moja hadi tatu mtu anaweza kupata kichwa kikali, jasho, moyo kwenda mbio na presha ya kutisha. Kundi la atenololi, propranololi, metoprololi na bisoprololi nalo halikatizwi ghafla, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu anaweza kupata maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Amlodipini ina huruma zaidi. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka kwenye damu, kwa hiyo ukikosa siku moja haikuachi ghafla. Ila wiki nzima itakuacha.

Siku hiyo hiyo unapogundua tarehe imepita, pigia simu duka la dawa au kliniki yako. Taja jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na tarehe iliyoandikwa. Uliza kama unaweza kupewa walau za siku chache wakati unasubiri kumwona daktari.

Na kama ni usiku wa manane, au uko safarini, au mvua imekata barabara? Ingekuwa mimi, na mkononi nina vidonge vilivyopita tarehe majuzi tu, bado vimefungwa kwenye foili yake, vimekaa pakavu, na ni dawa ileile ninayotumia sasa, ningemeza dozi yangu ya kawaida kuliko kukatiza, kisha kukicha niwe mlangoni kwa mfamasia. Nasema hayo kwa vidonge vikavu vizima na kwa muda wa dharura tu. Dawa ya maji simo. Kidonge kilichobadilika rangi simo. Na ukimpata mtaalamu kwa simu, fuata neno lake, maana yeye ataijua hali yako.

Tarehe ile inamaanisha nini hasa?

Ni ahadi ya mtengenezaji: mpaka siku hii, dawa ikiwa imefungwa na imehifadhiwa kama tulivyoandika, nguvu yake na usafi wake viko ndani ya viwango. Kwa vidonge vingi viwango hivyo ni kati ya asilimia 90 na 110 ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ahadi haitolewi kwa kubahatisha. Dawa huwekwa kwenye vyumba maalumu na kupimwa kila baada ya muda. Chumba cha kawaida huwa na nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 60. Kwa nchi za joto na unyevu mwingi hutumika nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 75. Kipo pia chumba cha kuharakisha uchakavu, nyuzi joto 40 na unyevu asilimia 75, ambamo dawa hukaa miezi 6. Mtengenezaji hutaja muda ambao amepata ushahidi wake. Baada ya hapo haijulikani, na hapo ndipo ugumu ulipo: dawa yaweza kuwa nzima, yaweza kuwa imechoka, na wewe nyumbani huna njia ya kupima.

Tena ahadi hiyo inavunjika ukivunja masharti. Pakiti yenye miaka miwili mbele yake, iliyoshinda kwenye gari lililoegeshwa juani kwa wiki nzima, inaweza kuwa dhaifu kuliko ile iliyopita tarehe mwezi jana ikiwa kwenye kabati kavu la chumbani.

Nasikia Marekani walipima dawa zilizopita tarehe wakakuta bado ni nzima. Ni kweli?

Ni kweli. Tangu 1986 jeshi la Marekani na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo wana mpango wa kupima akiba za dawa kabla ya kuzitupa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu dawa 122 katika matoleo 3,005 (toleo ni kundi la dawa lililotengenezwa kwa pamoja), na asilimia 88 ya matoleo hayo yaliongezewa angalau mwaka mmoja. Wastani wa nyongeza ulikuwa miezi 66.

Watu hunisomea namba hizi kama hati ya kumwachilia mshtakiwa. Tazama lakini zilikotoka. Dawa zile zilikuwa kwenye makasha ambayo hayajafunguliwa, kwenye maghala yanayodhibitiwa joto na unyevu, na kila toleo lilipimwa maabara kabla ya kuongezewa muda, kisha likarudiwa kupimwa. Matoleo mengine ya dawa ileile yalifeli. Kopo lako lililofunguliwa mara 200 karibu na jiko halikuwa kwenye kipimo hicho. Ninachochukua kutoka pale ni utulivu: aliyemeza kimoja asipapatike. Sichukui ruhusa ya kutibu presha mwaka mzima kwa akiba ya zamani.

Nisomeje tarehe kwenye pakiti?

Tafuta herufi EXP. Zikifuatwa na mwezi na mwaka tu, mfano 08/2026, dawa inatumika mpaka siku ya mwisho ya Agosti 2026. Ikiandikwa kwamba itumike kabla ya 08/2026, mwisho wake ni tarehe 31 Julai. MFG ni tarehe ya kutengenezwa, na watu wengi huichanganya na ile ya mwisho. LOT au BATCH ni namba ya toleo. Iache ilivyo, kwani utaihitaji kama kuna tatizo.

Tarehe ya vidonge vya foili mara nyingi hugongwa ukingoni, kwenye kona moja. Ukianza kukata vipande kwa mkasi, anza upande usio na tarehe.

Kidonge kinaonekana kizuri kabisa. Hiyo haitoshi?

Haitoshi kukikubali, ila kikionekana vibaya inatosha kukikataa. Dawa ikipungua ndani, kidonge hakibadiliki sura lazima. Lakini ukiona madoa, rangi imefifia au imegeuka njano, kimeanza kumomonyoka, vimegandana, kapsuli zimelainika, au kuna harufu ambayo haikuwepo, achana nacho hata kama tarehe bado.

Harufu moja isikutishe. Kaptoprili ina salfa ndani yake, na kopo jipya kabisa likifunguliwa laweza kunuka kidogo kama yai. Hiyo ni tabia yake. Aspirini, ambayo wagonjwa wengi wa presha hupewa pia, ni kinyume: ikinuka siki, imeanza kuvunjika, na hiyo siki ndiyo dalili yenyewe.

Kuna dawa zinazochakaa haraka kuliko nyingine?

Zipo. Nifedipini huharibiwa na mwanga, ndiyo maana hufunikwa kwa rangi na kufungwa kwenye pakiti isiyopitisha mwanga. Ukiihamishia kwenye chupa angavu dirishani unaiua. Enalaprili na perindoprili hazipendi unyevu. Furosemidi, ile ya kukojoza, hugeuka njano ikikaa kwenye mwanga. Dawa yoyote ya maji iliyochanganywa na mfamasia kwa ajili ya mtoto au mzee asiyeweza kumeza vidonge ina maisha mafupi, wakati mwingine wiki chache tu, na tarehe yake ni ile aliyoiandika mfamasia kwenye chupa.

Nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi si dawa ya presha, ni ya maumivu ya kifua, lakini hukaa kabati moja na za presha kwa hiyo naitaja. Dawa hiyo hupotea hewani. Ikae kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa, na usijaribu bahati kwa iliyopita tarehe. Siku utakayoihitaji hutakuwa na muda wa kugundua kwamba haifanyi kazi.

Kama imepungua nguvu kidogo, si nimeze viwili?

Hapana. Hujui imepungua kiasi gani. Ikiwa haijapungua, umemeza dozi maradufu, na presha inaweza kushuka ukaanguka ukitoka kitandani. Kwa wazee kuanguka huko huvunja nyonga.

Nitajuaje kama presha yangu ilidhibitiwa wakati wote huo?

Kwa mashine tu. Usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara wala kufanya mazoezi kwa dakika 30. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 ukiwa umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na mkanda wa mashine uwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja kati yake. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, uandike zote, hata zile zisizokupendeza.

Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi, presha iko juu na daktari wako anatakiwa kuona karatasi hiyo. Usimwambie "ilikuwa sawasawa". Mpe karatasi.

Kwa nini nina vidonge vilivyopita tarehe kabisa?

Swali hili huulizwa kwa nadra. Naliweka mimi, kwa sababu naliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Fikiria hesabu. Dawa ya presha humezwa kila siku. Pakiti ya vidonge 30 huisha kwa mwezi. Dawa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na miaka miwili au mitatu mbele yake. Kidonge cha kila siku hakipati nafasi ya kuzeeka, kwa hiyo ukikikuta kimezeeka, kuna siku ambayo hakikumezwa. Kopo la mama yangu lilikuwa daftari la siku zake. Nilipolimwaga mezani nikahesabu, nilikuta vidonge 74 vya dawa aliyokuwa akituambia haikosi hata siku moja. Sikumwita mwongo. Alikuwa anasahau jioni, na siku nyingine alikuwa anaacha kwa makusudi kwa sababu ilimvimbisha miguu na hakutaka kumsumbua daktari.

Kuvimba vifundo vya miguu ni jambo linalojulikana kwa amlodipini. Kikohozi kikavu kisichoisha kinajulikana kwa enalaprili na jamaa zake. Dawa za kukojoza humfanya mtu aogope kupanda basi. Wanaume wengine huona nguvu zao za ndoa zimepungua, wanaacha dawa kimya kimya, na hakuna anayejua mpaka kiharusi kimfike. Mengi ya haya yana dawa mbadala, au yana marekebisho ya dozi na saa. Lakini daktari anayeona presha juu, na hajui kwamba vidonge viko koponi, ataongeza dawa nyingine juu ya ile isiyomezwa.

Zipo sababu nyingine zisizo na lawama yoyote. Daktari alibadilisha dawa na ya zamani ikabaki. Ulinunua nyingi kwa pamoja ili kupunguza safari. Ulilazwa hospitali ukatumia za wodini. Au presha iliposhuka ulidhani umepona. Kwa hilo la mwisho nisisitize: namba nzuri ni kazi ya dawa inayoendelea, na watu wachache tu huziacha salama, hatua kwa hatua, chini ya macho ya daktari.

Kwa hiyo kabla ya kutupa, hesabu vilivyobaki na uandike. Nenda na hiyo hesabu kliniki.

Nizihifadhi wapi?

Pakavu, pasipo jua, mbali na jiko na bafu, juu ambako mtoto hafiki. Kabati la chumba cha kulala linashinda sehemu nyingi. Juu ya friji kuna joto la mashine. Ndani ya friji kuna unyevu, na vidonge vya presha kwa kawaida havihitaji ubaridi huo. Soma pakiti, nyingi husema chini ya nyuzi joto 25 au 30. Kile kifuko kidogo kilichomo kwenye kopo hunyonya unyevu, kiache humo.

Kijisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba kinasaidia sana wanaosahau. Jaza cha wiki moja, si cha miezi, kwa sababu kidonge kilichotolewa kwenye foili kimeacha ulinzi wake. Na vipya vikija, viweke nyuma ya vya zamani ili vya zamani viishe kwanza.

Nilipewa vidonge kwenye bahasha, hakuna tarehe. Nifanyeje?

Uliza kabla hujatoka dukani, tena uandike mwenyewe kwenye bahasha: jina, miligramu, tarehe ya mwisho, tarehe uliyopewa. Ukiwa umeshafika nyumbani na hujui, piga simu na uulize. Vidonge vya bahasha hukusudiwa kutumika mapema baada ya kutolewa. Ukivikuta baada ya mwaka, usivihesabu kuwa dawa.

Duka limeniuzia dawa ambayo imebakiza wiki mbili. Na je, tarehe ikiwa imefutwa?

Dawa ya wiki mbili si mbovu ikiwa utaimaliza ndani ya wiki mbili. Ukipewa ya miezi mitatu yenye tarehe hiyo, irudishe uombe nyingine, na jizoeze kusoma tarehe ukiwa bado kwenye kaunta. Mfamasia makini hatachukia.

Tarehe iliyofutwa, iliyobandikwa juu ya nyingine, au isiyolingana baina ya boksi na foili ni suala jingine. Usimeze. Tunza boksi, foili na risiti, uripoti kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haifikii viwango. Kubadilisha tarehe ni njia mojawapo ya biashara hiyo.

Presha yangu imerudi. Nina pakiti ya miaka mitatu iliyopita, nianze nayo?

Usianze, hata kama tarehe ingekuwa haijapita. Mwili wako wa miaka mitatu iliyopita si huu. Figo zinaweza kuwa zimebadilika, na kuna dawa za presha zinazopandisha potasiamu kwenye damu figo zikiwa dhaifu. Huenda sasa unatumia dawa nyingine isiyopatana nayo. Na kwa mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta, sikia hili vizuri: enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, losatani na jamaa zake zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wajawazito wana dawa zao, kama methildopa na labetaloli, na huchaguliwa na daktari.

Dawa iliyoondolewa sokoni ni sawa na iliyopita tarehe?

Si sawa. Hiyo hurudishwa kwa sababu ya kasoro iliyogunduliwa hata kama tarehe yake ni ya mbali. Mwaka 2018 matoleo mengi ya valsatani, dawa ya presha, yaliondolewa katika nchi nyingi baada ya kukutwa na uchafu wa kikemikali unaoshukiwa kusababisha saratani. Hata wakati ule mamlaka ziliwaambia wagonjwa wasiache ghafla, wabadilishiwe kwanza. Namba ya toleo kwenye pakiti ndiyo inayokuambia kama yako imo.

Nizitupe vipi?

Kwanza uliza duka la dawa au hospitali kama wanapokea dawa za kuteketezwa. Wakipokea, umemaliza.

Wasipopokea, toa vidonge kwenye foili bila kuvisaga, vichanganye na kitu ambacho hakuna atakayekitamani, kama udongo, majivu au machicha ya kahawa, funga kwenye mfuko usiovuja, kisha weka kwenye pipa siku ya kuzoa taka. Futa jina lako kwenye lebo. Usimwage chooni wala kwenye sinki, kwa sababu maji huzipeleka mbali. Usizichome uani pamoja na plastiki zake. Moto wa kawaida hauna joto la kutosha kuziteketeza, na moshi wake ni mbaya.

Usizitupe wazi mahali ambapo watoto hucheza.

Mtoto amekimeza kimoja. Kimepita tarehe, si hakina nguvu?

Mpeleke hospitali sasa hivi, uende na pakiti. Usihesabu tarehe. Kidonge kimoja cha amlodipini, nifedipini, verapamili, diltiazemu au klonidini kinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo, na vile vinavyoyeyuka polepole huchelewa kuonyesha dalili. Usimtapishe, na usingoje alegee.

Jirani yangu naye ana presha na hana pesa. Nimpe?

Naielewa huruma hiyo, na bado nasema usimpe. Dawa iliyokufaa wewe yaweza kumzidishia pumu yake au kumwangusha moyo. Msindikize kliniki, huo ndio msaada mkubwa. Kutuma dawa za zamani kwa wahitaji nako hakufai: miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa husema dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa isitolewe tena, na kwamba dawa inapowasili iwe na angalau mwaka mmoja uliobaki.

Ni wakati gani nisingoje mfamasia?

Ukipima ukapata 180/120 au zaidi, kaa utulie dakika chache upime tena. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, zungumza na daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi kubana, uso kupinda upande, mkono au mguu kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, macho kupotea au kuchanganyikiwa, nenda hospitali papo hapo, na asikupe mtu kidonge cha haraka cha kushushia presha njiani. Presha ikiporomoshwa ghafla ubongo hukosa damu.

Mzee wetu amefariki. Dawa zake tumezikuta kabatini, tufanye nini?

Poleni sana. Hakuna haraka ya siku ya kwanza, isipokuwa moja: mtu mmoja azihamishe mahali pa juu, kwa maana msibani huja watoto wengi na kila mlango uko wazi.

Mkishatulia, andikeni orodha ya dawa hizo na magonjwa aliyokuwa nayo. Hiyo itawasaidia nyinyi wanawe, kwa kuwa presha hutembea katika ukoo, na daktari atauliza. Karatasi zake za kliniki zitunzeni. Vidonge vyote, vilivyopita tarehe na ambavyo havijapita, virudisheni duka la dawa au mvitupe kwa njia niliyoeleza. Mtu asivichukue kwa kumbukumbu, wala kwa sababu "mzee alikuwa anapata nafuu navyo". Kabla ya hapo, vimwageni mezani mvihesabu kama nilivyohesabu vya mama. Na kama wengi wenu hamjawahi kupima presha, mashine yake labda bado ipo kwenye droo, na betri zake huenda bado zinawaka.